Kabla hujanunua kisu cha nyumbani, angalia maji unayoishi nayo

Kibiti. Kisu katika nyumba ya delta ya Rufiji hakina siku ya mapumziko. Asubuhi kinamenya muhogo, mchana kinapara perege na kutumbua kambale, jioni kinakata kamba ya mtumbwi iliyovimba kwa maji. Katikati ya kazi hizo kuna mtoto amekichukua kuchongea gari la ndala na vijiti.

Pamoja na kazi zote hizo, kisu hununuliwa haraka kuliko kanga. Kwenye mkeka wa muuzaji siku ya gulio, maswali huwa mawili: bei gani, na kama kuna chenye mpini wa rangi nyingine. Chuma chenyewe hakiulizwi. Bawaba haichezeshwi. Mnunuzi anakikunja, anakitia mfukoni, anaondoka.

Gharama ya haraka hiyo huonekana baadaye, na mara nyingi huonekana mkononi. Kisu butu hulazimisha nguvu, na nguvu ikiteleza huishia kwenye kidole. Kisu cha kukunja chenye bawaba iliyolegea hujifunga chenyewe wakati vidole viko njiani. Mahali ambapo zahanati iko upande wa pili wa mkondo, kidole kilichokatika ni safari ya mtumbwi, ni siku za kazi zilizopotea, na wakati mwingine ni pepopunda.

Mto mmoja, maji mawili

Pale Ndundu, ambako magari ya kwenda Lindi na Mtwara yalikuwa yakipanga foleni kusubiri pantoni kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, Rufiji ni mto wa maji baridi. Kisu kikiangukia kwenye matope ya pale, kikatolewa, kikasuuzwa na kufutwa, hakijapata hasara kubwa.

Shuka na mto huohuo hadi Nyamisati, Salale au Kiongoroni, mambo yanabadilika. Huko maji ya bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, yakiingia kwenye mikondo kati ya mikoko, na chumvi yake hukaa juu ya kila kitu cha chuma, kuanzia ndoana hadi komeo la mlango. Kiangazi, mto ukipungua nguvu, chumvi hupanda juu zaidi. Masika mto hujaa na kuisukuma irudi baharini.

Kwa hiyo mzazi wa Ikwiriri na mzazi wa Salale hawana sababu ya kununua kisu cha aina moja, hata wakikutana kwa muuzaji mmoja. Wa kwanza anaweza kuchagua chuma kinachonoleka vizuri na kukivumilia kikipata weusi. Wa pili anahitaji kwanza chuma kitakachostahimili chumvi, halafu ndiyo afikirie makali.

Chuma cha mhunzi

Chuma cha pua ni chuma kilichochanganywa na kaboni kidogo. Kaboni ndiyo inayokipa uwezo wa kuwa kigumu kikipashwa moto na kuzimishwa ghafla. Springi za magari, ambazo wahunzi wengi wa Afrika Mashariki hufulia visu, mapanga na majembe, huwa na kaboni karibu asilimia 0.6. Ni kiasi kizuri kwa kisu cha kazi: kigumu cha kutosha kushika makali, lakini hakivunjiki kirahisi kikigonga mfupa au kifuu cha nazi.

Kazi hii si ngeni katika ukanda huu. Mwanaakiolojia Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichimba eneo la Limbo, kusini mwa Dar es Salaam, na kukuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma wa karne za mwanzo baada ya Kristo. Kitabu cha safari za baharini cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Eritrea, cha karne ya 1, kinataja visu, mashoka na mikuki kati ya bidhaa zilizoletwa katika masoko ya pwani hii, ambayo la mwisho liliitwa Rhapta. Rhapta ilikuwa wapi hasa bado ni ubishi wa wasomi, na Chami ni mmoja wa wanaoitafuta maeneo ya delta ya Rufiji. Miaka 2,000 iliyopita, basi, mtu wa pwani hii alikuwa na uchaguzi uleule wa leo: kisu cha meli au kisu cha mhunzi.

Ubora wa kisu cha mhunzi hutegemea hatua moja ambayo mnunuzi haioni. Bapa likishapashwa moto hadi likawa jekundu na kuzimishwa kwenye mafuta au maji, linakuwa gumu lakini linavunjika kama kioo. Mhunzi mzuri hulirudisha motoni, safari hii kwa moto mdogo, hadi sehemu iliyosafishwa ipate rangi ya manjano kama nyasi kavu. Hapo hupoteza ugumu kidogo na kupata ustahimilivu. Asiyefanya hivyo huuza kisu kitakachomeguka makali ndani ya wiki. Swali la kumuuliza ni fupi: ukishakizima, unakirudisha motoni? Anayejua kazi yake atafurahi kuulizwa.

Visu vinavyochongwa kutoka kwenye mabapa ya msumeno wa chuma ni habari nyingine. Hukata vizuri sana vikiwa vipya, lakini mabapa mengi ya aina hiyo ni magumu kupita kiasi. Kikikunjwa kidogo wakati wa kuchokoa kitu, kinakatika, na kipande kinaweza kuruka kwenye jicho. Mbele ya watoto, ni afadhali kukikosa.

Kero ya chuma cha kaboni ni weusi. Utomvu wa ndizi mbichi, kitunguu, embe na ndimu hukiacha na madoa ya kijivu au bluu iliyokoza. Maganda ya mikoko yana tanini nyingi, na hukifanya cheusi kabisa. Wazazi wengi huona weusi huo kama uchafu au sumu, wakasugua kwa mchanga hadi bapa likonde. Weusi uliokauka na usiotoka kwa kidole si sumu, na kwa kiasi fulani hulinda chuma kilicho chini yake. Kinachotakiwa kuondolewa ni kutu nyekundu ya unga, kwa sababu hiyo hula chuma, huacha vishimo, na vishimo huhifadhi damu ya samaki na tope.

Neno lililogongwa kwenye bapa

Mwaka 1913 fundi wa Sheffield, Uingereza, Harry Brearley, alipata chuma ambacho hakikushika kutu kwa kuongeza madini ya kromiamu. Kanuni inayotumika leo ni kwamba chuma kinahitaji kromiamu isiyopungua asilimia 10.5 ili kiitwe stenlesi. Kromiamu hiyo hujenga juu ya bapa ngozi nyembamba mno isiyoonekana kwa macho, na ikikwaruzwa hujirudi yenyewe ikipata hewa.

Tatizo ni kwamba chumvi ya bahari ina uwezo wa kuitoboa ngozi hiyo. Stenlesi nayo hupata kutu, taratibu zaidi, na huanzia mahali ambapo maji hukwama: kwenye bawaba, chini ya springi, na pale mpini unapokutana na bapa. Anayesema kisu chake cha stenlesi kimepata kutu hajaibiwa lazima. Huenda hakukisuuza kwa maji baridi.

Tatizo la pili ni kubwa zaidi sokoni. Neno "stainless" lililogongwa kwenye bapa linasema kisu hakishiki kutu kwa urahisi, na halisemi chochote kuhusu makali. Kuna stenlesi ya visu na stenlesi ya vijiko na sufuria. Ile ya vijiko, yenye kromiamu karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8 au 10, haigeuki kuwa ngumu hata ipashwe moto namna gani. Ukitengenezea kisu, kitang'aa miaka yote na hakitakata nyanya.

Kipimo chake kinapatikana bure. Chukua sumaku ya spika ya redio iliyokufa, uende nayo gulioni. Stenlesi inayoweza kushika makali hunaswa na sumaku kwa nguvu. Ile ya vijiko hainaswi, au hunaswa kidogo sana. Sumaku ikiteleza kwenye bapa, rudisha kisu mkekani. Ikinasa, bado hujahakikishiwa kisu kizuri, lakini umeepuka kibaya kabisa.

Kwa wenye ndugu wanaosafiri, visu vya viwanda vinavyojulikana hurahisisha mambo kwa sababu aina ya chuma hutajwa. Kiwanda cha Opinel cha Ufaransa, kilichoanza 1890, huuza kisu kilekile cha mpini wa mti kwa chuma cha kaboni au kwa stenlesi, na kwa mtu wa maji chumvi jibu ni stenlesi. Kasoro yake kwa mazingira ya delta ni mpini: mti ukilowa huvimba na bapa hukataa kufunguka. Victorinox wa Uswisi hutumia stenlesi isiyo ngumu sana, inayonoleka upesi. Kuna pia vyuma vya visu vya wapiga mbizi, ambavyo nafasi ya sehemu kubwa ya kaboni imechukuliwa na naitrojeni, na haviogopi maji ya bahari. Bei yake, hata hivyo, ni ya mtu ambaye kazi yake ni kuzama.

Kigumu zaidi si kizuri zaidi

Ugumu wa chuma hupimwa kwa kipimo cha Rockwell. Visu vingi vya kazi za kawaida viko kati ya 54 na 58. Vile vinavyosifiwa na wapenzi wa visu hupita 60, na hukaa na makali muda mrefu.

Familia ya kijijini haihitaji namba hizo za juu. Chuma kigumu sana kikigonga mfupa wa samaki au kifuu kinameguka badala ya kupinda, na kukinoa kunahitaji kinoo cha vumbi la almasi. Delta ni nchi ya udongo ulioletwa na mto. Jiwe la kunolea halipatikani kwa kuinama, hununuliwa. Kisu kinachoweza kurudishiwa makali kwa dakika tano kwenye kinoo cha kawaida kitakuwa kikali siku nyingi za mwaka kuliko kile cha ghali kinachosubiri kinoo ambacho hakipo.

Kinoo kikikosekana, geuza kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyong'aa hunoa vizuri. Sakafu ya saruji na ukingo wa tofali hufanya kazi pia, lakini hula bapa na huacha makali yenye meno.

Pembe ndiyo inayowashinda wengi. Kwa bapa lenye upana wa sentimita 2, mgongo wa kisu unatakiwa uinuke kutoka kwenye kinoo kiasi cha unene wa penseli. Ukilaza zaidi, makali yanakuwa membamba na kujikunja. Ukiinua zaidi, unayaua. Pitisha upande mmoja hadi uhisi kwa kidole, kwa kukikokota kutoka mgongoni kuelekea nje, ukwaruzo mdogo umejitokeza upande wa pili. Kisha geuza. Kisu kiko tayari kikiingia kwenye ganda la nyanya kwa uzito wake chenyewe.

Umbo na mkono utakaokishika

Swali la kwanza la umbo ni kama unahitaji kisu cha kukunja kabisa. Kwa samaki na matope, kisu kisichokunjwa chenye ala hushinda. Hakina bawaba ya kulegea wala mfereji ndani ya mpini wa kuhifadhi magamba na damu. Kinasuuzwa mara moja na kukauka. Mama anayechana ukindu wa mikeka naye hukishika vizuri zaidi, kwa sababu mpini wake hujaa kiganja.

Cha kukunja kina sifa moja kubwa, nayo ni usalama wa kubeba. Mtu anayepanda mnazi, anayekaa kwenye dungu akilinda mpunga, au anayesafiri kwenye bodaboda hataki ncha iliyo wazi kiunoni. Basi achague chenye loki.

Visu vya bei rahisi vya kukunja hushikiliwa na springi ya mgongoni tu. Vinafaa kumenyea chungwa. Ukikichoma kitu au ukikisukuma kinyume, bapa linarudi kwenye vidole. Loki inaweza kuwa ya pete inayozungushwa, ya mgongoni, au bati la ndani linalosogea nyuma ya bapa. Aina yoyote inafaa ikiwa inashika. Ijaribu kabla ya kulipa: fungua kisu, shika mpini kwa nje bila kuacha kidole kwenye njia ya bapa, kisha gongesha mgongo wa bapa polepole kwenye mbao. Kikijifunga, kiache. Halafu shika ncha na uitikise kushoto na kulia. Bawaba inayocheza ikiwa mpya haitakaza ikizeeka.

Mpini nao ushikwe kwa mkono uliolowa, kwa sababu ndivyo utakavyoshikwa. Plastiki laini inayong'aa ni nzuri machoni na inateleza kama kambale. Tafuta mikwaruzo ya kushikia, au kijinundu mbele kinachozuia vidole visipande kwenye makali. Ribiti zisiwe zimejitokeza. Tundu la kupitishia kamba mwishoni ni la thamani mtumbwini, maana kisu kikidondoka kwenye mkondo hakirudi. Na rangi ya mpini, ambayo mwanzoni ilionekana kuwa anasa, ina maana yake: chekundu au cha machungwa huonekana kwenye matope, cheusi hupotea.

Ncha hujadiliwa kidogo kuliko inavyostahili. Ncha kali sana inahitajika kutumbulia samaki. Kwa kazi za kamba na nyavu, bapa lenye makali yaliyonyooka na mgongo ulioinama mbele, bila ncha ya kuchoma, ni salama zaidi, hasa chombo kinapoyumba. Mabaharia wa mataifa mengi walitumia umbo hilo. Meno kwenye makali hukata kamba iliyolowa haraka, ila kinoo cha nyumbani hakiwezi kuyanoa. Yakiisha, yameisha.

Mtoto akililia wembe

Waswahili husema mtoto akililia wembe mpe, ajifunze kwa kukatwa. Kwa wembe wa methali ni sawa. Kwa kisu cha kweli, mkono wa mtoto una kano na mishipa ya fahamu ambayo, ikikatwa, haitengenezwi kwenye zahanati ya kijiji.

Lakini kumficha kisu hadi akue nako hakusaidii. Katika nyumba za wakulima na wavuvi, mtoto wa miaka minane au tisa tayari anatumwa kumenya muhogo. Atashika kisu tu, upende usipende. Swali ni kisu gani, na amefundishwa nini.

Kinachomfaa wa kuanza ni kifupi, kisichokunjwa, chenye ncha ya mviringo na mpini unaotosha kiganja chake. Kama hakiuzwi, mhunzi anaweza kuizungusha ncha ya kisu kidogo kwa tupa kwa dakika chache. Kiwe kikali. Wazazi wengi humpa mtoto kisu butu wakidhani wanamkinga, na hicho ndicho kinachomfanya akandamize kwa nguvu zote hadi kiteleze.

Afundishwe kukata akiwa ameketi, makali yakielekea nje ya mwili, pasipokuwa na mwenzake ndani ya urefu wa mkono wake. Kisu kinawekwa chini ndipo mwingine akichukue. Hakuna kukimbia nacho, hakuna kukishika kwa meno ili mikono ipande mti. Na baada ya kubanguliwa korosho mbichi, kisu kioshwe kwa sabuni kabla ya kurudi jikoni, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi na midomo.

Kuna kazi ambazo kisu cha nyumbani hakitakiwi kufanya hata kikiwa kikali na safi machoni: kuchanja chale, kukata kucha na nywele za watu tofauti, na kukata kitovu cha mtoto. Damu ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine hubeba virusi vya homa ya ini na VVU. Kitovu kilichokatwa kwa kifaa kichafu kilikuwa njia kuu ya pepopunda ya watoto wachanga, ugonjwa ambao Tanzania ilithibitishwa mwaka 2012 kuwa imeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii. Mafanikio hayo yanashikiliwa na chanjo za wajawazito na uzazi salama. Yakiachwa, ugonjwa hurudi.

Kutu haileti pepopunda

Imani iliyoenea ni kwamba kisu chenye kutu ndicho chenye pepopunda, na kinachong'aa hakina. Kutu yenyewe haina ugonjwa. Pepopunda huletwa na bakteria ambao mbegu zake huishi kwenye udongo na kinyesi cha wanyama kwa miaka, bila kuhitaji kutu. Kisu kipya cha stenlesi kilichotoka kukata mzizi kwenye tope kinaweza kuzipeleka ndani ya nyama sawasawa na kile cha babu. Jeraha jembamba la kuchomwa ni la hatari zaidi kuliko linavyoonekana, kwa sababu bakteria hao hustawi pasipo na hewa.

Dalili huanza kati ya siku 3 na 21 baada ya jeraha: taya kukaza, shingo kuwa ngumu, kushindwa kumeza, kisha mwili mzima kukakamaa. Wakati huo kidonda chenyewe huenda kimeshapona na kusahaulika.

Watoto hupata chanjo yenye kinga hiyo wakiwa na wiki 6, 10 na 14, na wajawazito huchanjwa kliniki. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dozi tatu zaidi za kuimarisha kinga, kuanzia mwaka wa pili wa maisha hadi ujana, kwa kuwa kinga ya utotoni hupungua. Anayeachwa nje ya mpango huu mara nyingi ni baba. Mtoto ana kadi, mama ana kadi. Baba anayeshinda kwenye mikoko na mashamba ya mpunga, akiwa na kisu kiunoni kila siku, huenda hajachomwa sindano hiyo tangu alipokuwa mchanga, au hajawahi kabisa. Kwenda zahanati kuuliza ni jambo la asubuhi moja.

Mtu akikatwa, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa dakika 10 mfululizo bila kuchungulia, mkono ukiwa umeinuliwa juu. Damu ikikata, osha kwa maji safi mengi na sabuni. Kahawa, majivu, chumvi, dawa ya meno na mafuta ya taa havitakiwi kugusa kidonda. Vyote huingiza uchafu au kuunguza nyama, na humpa mhudumu wa afya kazi ya kuvitoa kabla hajashona.

Kuna majeraha ya kutibu nyumbani na mengine ya safari. Ni ya safari kama damu haikatiki baada ya dakika hizo 10, kama kingo za jeraha zimeachana, kama kidole hakikunjiki au hakihisi kuguswa, kama jeraha ni la kuchomwa na ni la kina, au kama limeingia tope na kinyesi. Mwenye jeraha chafu aende hata kama amepoa maumivu, ili mhudumu aamue kuhusu sindano ya pepopunda. Kama miaka mitano imepita tangu dozi ya mwisho, kwa jeraha la namna hiyo kwa kawaida huhitajika nyingine. Asiyekumbuka alichanjwa lini ahesabiwe hajachanjwa.

Kwa familia za vijiji vya ndani ya delta, uamuzi huu unapangwa na maji. Mikondo mingi midogo haipitiki kwa mtumbwi maji yakipwa, na kusubiri yajae tena ni saa sita au zaidi. Jeraha la kushonwa likitokea maji yakiwa bado yapo, chombo kiondoke wakati huohuo, hata kama damu imeshakata.